Paa Hadi Chini: Historia ya Vibanda vya Wasafiri Mlimani Kilimanjaro

Mwaka 1889 mtu wa pwani aitwaye Mwini Amani, mwenyeji wa Pangani, alikaa zaidi ya wiki mbili kwenye uwanda mkavu ulio kati ya vilele vya Kibo na Mawenzi, juu kabisa ya msitu, mahali ambapo maji yaliyoachwa nje usiku huganda. Alikuwa na Hans Meyer, mchapishaji vitabu wa Leipzig, na Ludwig Purtscheller, mpanda milima kutoka Salzburg. Tarehe 6 Oktoba mwaka huo Wazungu hao wawili walifika kileleni. Wapagazi wengine walibaki kambi za chini na kila baada ya siku chache walipandisha chakula kutoka Marangu, kwa mtawala wa huko, Mangi Marealle. Mwini Amani peke yake ndiye aliyebaki nao kule juu, akiitunza kambi wakati wenzake wako barafuni. Nyumba yao ilikuwa hema.

Historia ya malazi ya wasafiri Kilimanjaro inaanzia kwenye hema hilo, na tangu siku hiyo inabeba maswali mawili ambayo hayajaisha mpaka leo: ndani kutawashwa nini, na mzigo utapandishwa na nani. Mbao, misumari na paa huonekana haraka na kupigwa picha. Maswali haya mawili hayaonekani pichani, lakini ndiyo yanayoamua kama kibanda kinaulinda mlima au kinaula.

Chini ya msitu watu walikuwa wamekwisha kulijibu swali la kwanza kwa namna yao. Nyumba ya asili ya Mchaga ilikuwa ya duara, yenye umbo la koni. Fito zilipindwa na kufungwa, kisha nyasi au majani makavu ya migomba yakaezekwa kuanzia juu hadi karibu na ardhi, kiasi kwamba ukuta haukuonekana. Mvua ilipopiga ilikuta paa tu, ikateleza hadi chini. Ndani kulikuwa na moto, watu walilala upande mmoja na ng'ombe na mbuzi upande mwingine. Ng'ombe mmoja mzima hutoa joto la mamia ya wati usiku kucha bila kudai ukuni hata mmoja, na paa nene linalofika chini hulizuia joto hilo lisitoke. Ilikuwa nyumba ya moshi na giza, nisiipambe kupita kiasi, ila ilijengwa kwa vitu vilivyoota tena ndani ya mwaka mmoja au miwili, shambani kwa mwenye nyumba.

Juu ya mashamba hakuna aliyejenga nyumba ya kukaa, na sababu zake zinaeleweka. Msafiri aliyepanda basi alfajiri Dar es Salaam, kutoka Temeke au Kinondoni, anaacha nyuma mji wa joto ambao hupata takriban milimita 1,100 za mvua kwa mwaka. Mteremko wa kusini wa Kilimanjaro, katikati ya msitu, hupata milimita 2,000 na zaidi. Akiendelea kupanda, kila mita 100 humpunguzia takriban nyuzi 0.6 za joto. Kwenye njia ya Marangu, kituo cha kulala cha Mandara kiko mita 2,720 juu ya usawa wa bahari, Horombo mita 3,720, na Kibo zaidi ya mita 4,700. Kwa hiyo kati ya pwani na Kibo kuna tofauti ya nyuzi zinazokaribia 28. Mvua nayo hupungua ghafla ukishavuka msitu, hata Kibo ni jangwa la mawe. Mchana jua huchoma ngozi, usiku ni barafu, na mzunguko huo hurudi kila siku ya mwaka.

Kwa seremala hayo ni majaribu matatu katika njia moja. Mandara mbao huloa na kuoza. Horombo huvimba kwa ukungu na kusinyaa kwa jua, misumari ikalegea. Kibo huchomwa na jua na kukauka hadi kupasuka. Mpishi naye ana jaribu lake, kwa kuwa kwenye hewa nyepesi ya Kibo maji huchemka kwenye nyuzi 85 hivi badala ya 100. Maharage yanayoiva kwa saa chache Mbagala yatakaa jikoni kule juu mpaka mafuta yaishe, nayo bado magumu. Chakula kilekile hudai nishati nyingi zaidi, katika sehemu ambayo haina mti wa kukata.

Wajerumani walioleta wazo la vibanda walikuwa na mazoea ya kwao. Katika milima ya Alpi, vyama vya wapanda milima vilikuwa vimejenga malazi ya aina hiyo kwa muda mrefu. Chama cha Uswisi kiliundwa mwaka 1863 na mwaka huohuo kikajenga kibanda chake cha kwanza, Grünhorn. Mwaka 1912 chama kama hicho kilianzishwa Kilimanjaro. Njia ikafunguliwa kutoka Marangu kupita msituni, na vibanda vya kwanza vikasimamishwa kwa kazi ya Dk. E. Förster. Mwaka huohuo Fritz Klute na Eduard Oehler walikuwa watu wa kwanza kufika kilele cha Mawenzi, nao wakaipima barafu ya mlima. Vipimo vya 1912 ndivyo wanasayansi wa leo wanavyotumia kusema kwamba hadi mwaka 2007 asilimia 85 hivi ya eneo la barafu lilikuwa limetoweka. Kibanda cha kwanza na kipimo cha kwanza cha kile kilichokuja kupotea ni vya mwaka mmoja.

Majina waliyovipa vibanda yanaumiza kuyasoma hata sasa. Cha chini kiliitwa Bismarck. Cha juu yake kiliitwa Peters, jina la Carl Peters, ambaye watu walimpa lakabu ya Mkono wa Damu. Mtu huyo alikuwa kamishna wa himaya ya Ujerumani hapohapo Kilimanjaro mwanzoni mwa miaka ya 1890, kwenye kituo cha Marangu, ambako aliamuru kijana mtumishi aitwaye Mabruk na mwanamke aitwaye Jagodja wanyongwe. Serikali yake mwenyewe ilimfukuza kazi mwaka 1897 kwa sababu ya vitendo vyake. Miaka 15 baadaye wasafiri walianza kulala chini ya jina lake, kwenye mlima uleule, wakihudumiwa na watu ambao wazazi wao walimjua. Waingereza walipochukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza waliyaacha majina yalivyo.

Wakati wa Waingereza mambo yalikwenda polepole. Mwaka 1932 kilijengwa kibanda cha tatu, Kibo, na njia ya Marangu ikawa na hatua tatu za kulala ambazo hazijabadilika hadi leo. Mchungaji wa Kilutheri Richard Reusch, aliyefanya kazi Marangu, alipanda mara nyingi mno na kuingia kwenye shimo la volkano ambalo sasa lina jina lake. Wasafiri walikuwa wachache, vibanda vilikuwa vidogo, na kuni zilikatwa palipo karibu. Hapo ndipo palipozaliwa deni. Mti wa erika unaoota Horombo hukua polepole sana katika baridi ile, na shina nene kama mkono wa mtu limechukua miongo kadhaa. Likikatwa ili kupasha moto chai ya jioni moja, mlima utasubiri kizazi kulirudisha.

Hata chini ya msitu serikali ya kikoloni iliona kwamba kuni ni tatizo. Mwaka 1941 ulitengwa ukanda wa nusu maili kwenye ukingo wa chini wa msitu, upandwe miti ya kuwapa wananchi kuni na mbao ili wasiingie ndani zaidi. Kwa maoni yangu huo ulikuwa uamuzi wa busara kuliko vibanda vyote vya enzi hiyo, maana ulianza na jiko la mama wa Kichaga. Miti ya kamfa iliyokuwa ndani ya msitu, yenye mbao ngumu na yenye soko zuri, iliendelea kuvunwa hata baada ya uhuru, mpaka mwaka 1984 uvunaji wa miti ya asili ulipopigwa marufuku mlimani.

Uhuru ulibadilisha majina kwanza. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha bendera na mwenge kileleni, na kilele kilichoitwa kwa jina la Kaisari Wilhelm kikawa Uhuru. Bismarck ikawa Mandara, na Peters ikawa Horombo. Mandara ni jina ambalo dunia ilimjua nalo Rindi, mangi wa Moshi aliyefariki mwaka 1891. Mwanawe Meli alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900. Horombo alikuwa mtawala wa Keni, huko Rombo, mwanzoni mwa karne ya 19, aliyejenga ngome za mawe na kufa vitani akipigana na Wamasai. Kwa hiyo wasafiri wa leo hulala kwa mangi wawili. Ningependa kila mwongozaji awasimulie wageni wake habari hizo jioni, kabla hawajazima taa.

Hifadhi ya Taifa ilitangazwa mwaka 1973, na mwaka 1977 Mwalimu Nyerere akaifungua rasmi. Miaka hiyohiyo ya 1970, kwa msaada wa Norway, vibanda vidogo vya zamani viliongezewa kijiji cha nyumba za mbao Mandara na Horombo. Hizo ndizo nyumba zinazojulikana sasa, zenye umbo la herufi A, paa kali linaloshuka pande mbili hadi karibu na ardhi.

Wanorway hawakuwa wageni wa kazi hiyo. Chama chao cha watalii kilianzishwa mwaka 1868, na vibanda vya mbao milimani ni sehemu ya maisha yao. Nyuma zaidi kuna makanisa yao ya mbao ya Zama za Kati. Lile la Urnes, la karne ya 12, bado limesimama, miaka karibu 900 ya theluji na mvua. Mafundi wa makanisa hayo waliacha kuchimbia nguzo ardhini, wakaziweka juu ya mihimili iliyokalia mawe, wakapaka lami ya miti na kuinua mapaa makali ili maji yasikae. Mbao inayokauka baada ya kila mvua huishi. Mbao inayogusa udongo wenye unyevu hufa.

Fundi wa Temeke au Magomeni alilijua jambo hilohilo kwa upande mwingine. Yeye alilazimika kuchimbia nguzo, kwenye nchi ya mchwa na unyevu wa bahari, ndiyo maana nyumba za Kiswahili zilisimamishwa kwa boriti za mikoko kutoka delta ya Rufiji, mti uliozoea kusimama kwenye matope ya chumvi. Aliacha pia nafasi kati ya ukuta na paa ili upepo upite. Mlimani nafasi hiyo ingekuwa adui, kwani shida ya pwani ni kulitoa joto na shida ya Horombo ni kulizuia.

Umbo la A hufanya kazi hiyo kwa vitu vichache. Kenchi na ukuta ni kitu kimoja, hivyo mbao zinazohitajika hupungua, na upepo hukosa ukuta wa kusukuma. Nafasi ya juu, ambako hewa ya joto ingepotelea, ni nyembamba. Vyumba ni vidogo makusudi, vya vitanda vichache vya mbao, na hakuna jiko ndani. Joto la usiku hutoka kwenye miili ya waliolala. Nyumba imeinuliwa juu ya msingi, hewa ikapita chini ya sakafu. Chakula huliwa kwenye ukumbi wa pamoja na hupikwa jengo jingine, ili moto usikae karibu na vitanda. Ukiitazama kutoka mbele unaona paa linalokwenda hadi chini na kuuficha ukuta, na ndani watu wamelala wamekaribiana. Sijui kama mchoraji alitembelea nyumba ya mzee wa Kichaga, ila majibu yao yanafanana, na ninadhani yanafanana kwa sababu mvua iliyouliza swali ni ileile.

Kibo iko peke yake. Huko nyumba ni ya mawe, yenye vyumba vya vitanda vya ghorofa, na wengi hulala humo saa chache tu kabla ya kuamshwa karibu na usiku wa manane kuanza safari ya kileleni.

Mfano wa kibanda kisichofaa upo mlimani palepale. Kwenye njia nyingine, kama Machame na Mweka, viliwekwa vibanda vya bati vya duara. Bati ni jepesi kubeba na halioti kuvu, lakini usiku wa baridi pumzi za watu hugeuka kuwa matone upande wa ndani na kuwadondokea waliolala, na mchana linawaka. Vibanda hivyo vilichakaa, na leo wageni wa njia hizo hulala kwenye mahema. Marangu imebaki njia pekee ya kupanda kwa kulala vibandani, na mahema ya wageni hayaruhusiwi.

Makumi ya maelfu ya watu hupanda Kilimanjaro kila mwaka. Kuni zimepigwa marufuku ndani ya hifadhi. Kupikia ni gesi na mafuta ya taa, taa ni za nguvu ya jua. Marufuku hiyo, kwa hesabu yangu, imeokoa miti mingi kuliko ubunifu wowote wa paa. Ilihitajika hasa. Mtafiti Andreas Hemp, aliyeichunguza mimea ya Kilimanjaro kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba tangu 1976 moto umeangamiza maelfu ya hekta za msitu wa erika na kuushusha mpaka wa juu wa msitu. Hasara hiyo ni ya maji pia, kwa sababu matawi ya erika hunasa matone ya ukungu na kuyadondosha ardhini, nayo hushuka hadi kwenye mifereji ya vijijini. Mwaka 2005 msitu wenyewe uliingizwa ndani ya hifadhi.

Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulizuka Whona, mahali pa kupumzikia kati ya Mandara na Horombo. TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ilieleza wakati huo kwamba ulianza kwa wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Uliwaka kwa siku nyingi na kula makumi ya kilomita za mraba za vichaka, huku mamia ya watu, wakiwemo wanakijiji na wanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka, wakiuzima kwa matawi na majembe. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2022, moto mwingine ulizuka karibu na kambi ya Karanga.

Maneno yale kuhusu wapagazi yanastahili kusomwa taratibu. Chakula kilichokuwa kikipashwa kilikuwa cha wageni, na Whona ni kituo cha njiani, bila vibanda vya kulala wala jiko kama la Horombo. Kwenye mchoro wa malazi, mpishi wa njiani hakupewa mahali salama pa kuweka moto wake. Hapo maswali mawili niliyoanza nayo yanakutana: aliyebeba ndiye aliyewasha.

Mlimani wapagazi huitwa wagumu, na wamestahili jina hilo. Kwa miongo mingi mgeni alipolala kitandani, mgumu alijibanza mapangoni au jikoni kwenye moshi, na nguo alizokuwa nazo. Sasa kanuni ya hifadhi inasema mzigo usizidi kilo 20, na mizigo hupimwa langoni. Tangu 2003 umekuwepo mradi wa kutetea ujira wao, mavazi na malazi yao. Marangu pana faida moja hapa: vituo vina sehemu ya kulala wagumu, na kwa kuwa vitanda na magodoro viko juu tayari, hakuna anayepandisha mahema ya wageni mgongoni. Ninaposikia watu wakibishana kama kibanda ni bora kuliko hema, hoja hii huachwa, na kwangu ndiyo nzito kuliko zote.

Agosti 2022 intaneti ya kasi ilifikishwa Horombo, na magari ya uokoaji hufika kituoni hapo kupitia njia ya Kilema. Vijana wengi zaidi wa Tanzania, wakiwemo wa Dar es Salaam, hupanda kila Desemba kuadhimisha uhuru, na kila mmoja anahitaji kitanda, choo na uji wa moto. Mbao zilizowekwa miaka ya 1970 zimeshazeeka, nazo zitaendelea kubadilishwa. Mbao za paina za mashamba kama Sao Hill, kule Mafinga, zinaweza kufanya kazi hiyo bila kugusa mti hata mmoja wa kamfa, zikitibiwa vizuri na kuinuliwa mbali na udongo.

Kazi ngumu zaidi iko Kibo. Hakuna kijito karibu, mvua ni chache mno kukingwa kwenye paa, na maji yote ya kupikia, kunywa na kuosha vyombo huchotwa chini, mahali panapoitwa Maji ya Mwisho, kisha kupandishwa na wagumu kwa madumu, saa kadhaa, kwenye hewa inayomkatisha pumzi hata mwenye mikono mitupu. Lita moja ni kilo moja. Anayetaka kuchora Kibo mpya aanze na hesabu ya madumu hayo: wageni wangapi, lita ngapi kwa kila mmoja, migongo mingapi, na choo cha aina gani kisichodai maji. Akishapata jumla, ndipo achague ukubwa wa nyumba.